Kutoka Arromanches hadi Karlshorst: nikiufuata mzigo wa vita

Ijumaa, Arromanches

Ukipanda mwamba ulio upande wa mashariki wa mji huu wa pwani ya Normandy, Ufaransa, unaiona bandari yote kwa pamoja, au tuseme kilichobaki. Makasha ya zege yamekaa baharini kwa nusu duara, mengine yamepasuka katikati, mengine yamesimama wima na ndege wamejaa juu yake. Maji yalikuwa yamekupwa, kwa hiyo nilishuka nikaenda kuligusa moja lililolala mchangani. Limeota mwani na kome, na nondo zimechomoza nje.

Kazi yangu ni uwakala wa forodha, Dar es Salaam, miaka mingi sasa. Vita Kuu ya Pili ya Dunia nimeitazama kwenye filamu kama kila mtu, na kila mara nimebaki na swali la kikazi. Filamu huanza askari akiruka kutoka kwenye boti, ikaisha bendera ikipandishwa. Kesho yake walikula nini? Nani aliwashushia risasi na dizeli, na aliishushia gati gani? Basi safari hii nimeipanga kwa kufuata mzigo, kuanzia ufukwe huu hadi Berlin. Majenerali nitawasalimia njiani.

Gati ndilo hili. Agosti 1942 Washirika, yaani Uingereza, Marekani na wenzao, waliushambulia mji wa bandari wa Dieppe wakapigwa vibaya, hasa Wakanada, wakajua kwamba bandari iliyolindwa haiingiliki kwa kuikabili uso kwa uso. Wakaamua kuja na ya kwao. Makasha yalijengwa Uingereza, makubwa kabisa yakiwa na tani 6,000 hivi, yakavutwa na matagi kuvuka bahari na kuzamishwa mahali pake. Meli kuukuu nazo zilizamishwa makusudi ziwe kinga ya mawimbi. Ndani ya kinga hiyo zikafungwa gati zinazopanda na kushuka na maji, na barabara za chuma zinazoelea hadi nchi kavu. Churchill alikuwa ameandika tangu Mei 1942 kwamba gati lazima zielee, na kwamba asiletewe ubishi, kwani matatizo yenyewe yatabisha. Bosi wa namna hiyo nimewahi kufanya naye kazi. Unamchukia mpaka siku mzigo unapofika.

Askari wapatao 156,000 walitua Normandy tarehe 6 Juni 1944, kwa bahari na kwa anga. Siku zilizofuata bandari mbili zikaanza kuunganishwa: hii ya Waingereza hapa, na ya Wamarekani mbele ya ufukwe wa Omaha. Tarehe 19 Juni ikaingia dhoruba iliyovuma kwa siku kadhaa, ikaisambaratisha ile ya Wamarekani. Kwenye makumbusho nilicheka peke yangu, kwa sababu Wamarekani hapo walirudi kwenye njia ambayo nahodha yeyote wa jahazi la Bagamoyo angewafundisha bure: waliacha vyombo vikae mchangani maji yakipwa, wakashusha mzigo, wakasubiri maji yajae waondoke. Omaha ikapitisha shehena nyingi kuliko wapangaji walivyokuwa wametarajia.

Bandari ya kweli, Cherbourg, ilitekwa mwishoni mwa mwezi huohuo. Wajerumani walikuwa wameiharibu kwa ustadi: kreni chini, meli zimezamishwa kwenye mlango, mabomu kila kona ya maji. Ilipita wiki kadhaa kabla haijapokea mzigo wa maana.

Jumamosi, Colleville-sur-Mer na Caen

Asubuhi nilikwenda kwenye makaburi ya Wamarekani juu ya Omaha. Misalaba meupe zaidi ya 9,300, na Nyota za Daudi hapa na pale, zote zimepangwa kwa mistari inayonyooka kila upande unaogeukia. La Cambe, si mbali kutoka hapo, wamelala Wajerumani zaidi ya 21,000 chini ya misalaba ya mawe meusi. Mabasi ya watalii yanasimama Colleville. La Cambe nilikuta gari mbili.

Caen ilipangwa itekwe siku ileile ya kwanza. Waingereza na Wakanada waliingia upande wa kaskazini wa mji tarehe 9 Julai, na upande wa pili wa mto ukachukua siku kumi zaidi. Katikati ya hapo mabomu ya Washirika wenyewe yaliugeuza mji kifusi. Raia walijificha ndani ya Abbaye aux Hommes, kanisa alilozikwa William Mshindi, kwa maelfu, wakilala juu ya majani makavu. Inakadiriwa raia 20,000 hivi walikufa Normandy yote majira yale, na wengi waliuawa na mabomu ya waliokuja kuwakomboa. Wenyeji hawalifichi jambo hili. Wala hawalipigii kelele.

Jumapili, Saint-Lô

Mvua. Mji umejengwa upya karibu wote, kwa hiyo hauna uzuri wa kadi za posta, lakini mimi ndipo nilipotaka kufika kuliko Paris.

Mwishoni mwa Julai 1944 Wamarekani walivunja ngome ya Wajerumani karibu na hapa, na mwezi uliofuata majeshi yakakimbia mashariki kuliko ramani za ugavi zilivyotarajia. Tatizo la mafanikio. Reli za Ufaransa zilikuwa zimelipuliwa na ndege za Washirika wenyewe kabla ya Juni, ili Wajerumani wasilete nyongeza. Sasa Washirika ndio waliozihitaji. Mafuta yalikuwa yamerundikana ufukweni huku vifaru vya Jenerali Patton wa Marekani vikizimika karibu na mto Meuse.

Suluhisho lilikuwa malori. Kuanzia 25 Agosti ikafunguliwa njia iliyoitwa Red Ball Express, kutoka Saint-Lô hadi Chartres na baadaye mbele zaidi: barabara moja ya kwenda, nyingine ya kurudi, magari ya raia marufuku. Katika siku za kwanza tu, karibu malori 6,000 yalibeba zaidi ya tani 12,000 kwa siku moja. Na takriban robo tatu ya madereva walikuwa Wamarekani weusi, kwa sababu jeshi la Marekani wakati ule lilibagua rangi, na vijana wao wengi waliwekwa kwenye kushusha, kupakia na kuendesha badala ya kupewa bunduki.

Sheria ilikuwa mwendo usizidi kilomita 40 hivi kwa saa, na kila lori liache nafasi na la mbele. Madereva waliing'oa spidi gavana. Sikushangaa hata kidogo. Ningeshangaa kama wasingeing'oa. Kila lori lilikuwa na watu wawili, mmoja anaendesha, mwingine anajaribu kulala, na usiku taa zimefunikwa zibaki kama mstari. Matairi yaliisha, injini ziliungua, watu walisinzia wakaingia mitaroni. Njia ilifungwa tarehe 16 Novemba, reli na mabomba ya mafuta yalipokuwa yameanza kufanya kazi.

Nilitafuta kibao cha njia hiyo, nikauzunguka mji kwa miguu hadi viatu vikajaa maji. Ningependa pawe na sanamu ya lori katikati ya mji, na utingo wake amesinzia dirishani.

Jumatatu, Paris

Nimepita tu, kutoka stesheni ya Saint-Lazare hadi Gare du Nord, na katikati nikachepuka hadi ukumbi wa jiji, Hôtel de Ville. Jioni ya 24 Agosti 1944 kikosi cha kwanza cha jeshi la Ufaransa kuingia Paris kilifika mbele ya jengo hili, kikiongozwa na Kapteni Raymond Dronne. Kilikuwa kombania ya 9 ya Kikosi cha Chad. Askari wake wengi walikuwa Wahispania waliokimbia nchi yao baada ya Franco kushinda, na magari yao ya deraya waliyaandika majina ya mapigano ya kwao: Guadalajara, Teruel, Ebro.

Jina la Chad halikuwa pambo. Gavana wake, Félix Éboué, alikuwa wa kwanza katika makoloni ya Afrika kujiunga na de Gaulle, kiongozi wa Wafaransa waliokataa kusalimu amri, mwaka 1940, na Leclerc, jenerali wa divisheni iliyoingia Paris, alianzia huko safari yake ya vita. Lakini divisheni hiyo ilikuwa imeondolewa askari weusi kabla haijavuka kwenda Normandy. Wale waliotua kusini mwa Ufaransa tarehe 15 Agosti na kuikomboa Toulon na Marseille, wakiwemo Wasenegali, Wamali, Waaljeria na Wamoroko, waliendelea kaskazini. Ilipofika majira ya baridi, maelfu ya weusi walivuliwa makoti na sare zao mstari wa mbele wakapewa vijana wa Kifaransa, kwa maelezo kwamba hawaiwezi baridi. Tarehe 1 Desemba mwaka huohuo, kambi ya Thiaroye karibu na Dakar, askari wa Kiafrika waliorudishwa kutoka kwenye ufungwa walidai malipo yao wakapigwa risasi. Ufaransa ilikiri kuwa yalikuwa mauaji ya halaiki mwaka 2024, miaka 80 baadaye.

Treni ya Antwerpen haikungoja niendelee kukasirika.

Jumanne, Antwerpen

Hii ni bandari ya watu wazima. Nilisimama ukingoni mwa mto Scheldt nikitazama meli ya makontena ikipandishwa na matagi, na bahari yenyewe iko kilomita 80 hivi kutoka hapa. Hizo kilomita 80 ndizo zilizourefusha mwaka 1944.

Vifaru vya Waingereza viliingia mjini tarehe 4 Septemba. Wapiganaji wa siri wa Kibelgiji walikuwa wamewazuia Wajerumani wasilipue gati, hivyo kreni, malango ya maji na maghala vilipatikana karibu vizima. Mtu wa forodha akisikia hivyo anaanza kuandaa nyaraka. Lakini kingo mbili za mto hadi baharini bado zilikuwa mikononi mwa Wajerumani, na mto wenyewe umejaa mabomu. Admirali Ramsay alionya kwamba Antwerpen bila mto wake haina faida. Wakubwa walikuwa wakitazama kwingine, kuelekea Arnhem, ambako jaribio la kuvuka Rhine kwa askari wa miavuli lilishindwa kabla Septemba haijaisha. Wakati huo makumi ya maelfu ya Wajerumani walivuka mdomo wa Scheldt wakajipanga upya.

Kazi ya kuusafisha mto ikaangukia hasa Jeshi la Kwanza la Kanada. Walipigana Oktoba nzima kwenye matope yaliyofika kiunoni. Kisiwa cha Walcheren kiko chini ya usawa wa bahari, kwa hiyo ndege za Uingereza zilivunja kuta zake na bahari ikaingia ndani, juu ya mashamba na nyumba za Waholanzi. Mapigano yaliisha tarehe 8 Novemba. Wateguaji wa mabomu wakapita mto mzima, na msafara wa kwanza wa meli ukafunga gati tarehe 28 Novemba. Karibu miezi mitatu na bandari nzima mkononi. Meli ikikaa nangani hivyo Dar, kuna mtu angepoteza kazi. Hapa wakubwa walipandishwa vyeo.

Jioni nilikwenda maeneo ya De Coninckplein kutafuta unga. Dukani nilimkuta mama mmoja kutoka Lubumbashi, akasikia lafudhi yangu akacheka. Nilipomwambia ninachokifuata akaniuliza, "Papa, weye unafwata vita ya bazungu ju ya nini?"

Nikamjibu, "Mama, na yenu imo humo." Nikamtajia Shinkolobwe.

"Ile njo ya kwetu, pale Likasi," akasema, na kicheko kikakoma.

Mkuu wa Union Minière, kampuni yenye mgodi huo wa Shinkolobwe, Edgar Sengier, alikuwa amesafirisha zaidi ya tani 1,000 za madini ya urani kutoka Katanga hadi New York mwaka 1940, kabla mtu yeyote hajamwagiza. Sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima ilitoka kwenye shimo lile. Mzigo ule haukupita Antwerpen, Ujerumani ilikuwa imeshaiteka Ubelgiji, lakini kampuni ilikuwa ya Kibelgiji na wachimbaji walikuwa wa kwao huyu mama. Alinipunguzia bei ya unga.

Kabla ya kulala nilitembea hadi karibu na stesheni kuu, mahali palipokuwa na sinema ya Rex. Tarehe 16 Desemba 1944, alasiri, kombora la V-2 liliipiga ikiwa imejaa watu. Walikufa 567, zaidi ya nusu yao wakiwa askari. Antwerpen ilipigwa na V-2 nyingi kuliko hata London, kwa sababu ya gati hizi. Na siku hiyohiyo, alfajiri, misituni kusini mashariki, Wajerumani walikuwa wameanza shambulio lao kubwa la mwisho upande wa magharibi. Shabaha yao ilikuwa kufika hapa nilipolala.

Alhamisi, Bastogne

Jana iliishia njiani. Treni hazifiki tena Bastogne. Unashuka Libramont unachukua basi.

Mji ni mdogo na barabara saba zinakutana ndani yake. Yeyote aliyetaka kupitisha vifaru Ardennes wakati wa theluji alizihitaji barabara hizo. Askari wa miavuli wa Divisheni ya 101 ya Marekani waliletwa kwa malori, wakazingirwa, wakakataa kusalimu amri. Tarehe 23 Desemba mbingu zikafunguka na ndege zikaanza kudondosha mizigo. Tarehe 26 vifaru vya Patton vikafika kutoka kusini. Upande wa Wajerumani hesabu za mafuta zilikuwa mbaya tangu mwanzo: mpango wao ulitegemea kuteka maghala ya Wamarekani njiani. Kikosi cha Peiper, ofisa wa Kijerumani, kilichokwenda mbele kuliko vyote, kiliishiwa mafuta kijijini La Gleize, kikaacha vifaru vyake, na watu 800 hivi wakarudi kwa miguu usiku. Kifaru kimoja bado kiko pale kijijini.

Lakini mtu niliyekuja kumtafuta Bastogne ni Augusta Chiwy. Alizaliwa mwaka 1921 Mubavu, Burundi ya leo, mama Mkongomani, baba daktari wa mifugo wa Kibelgiji aliyemleta Bastogne akiwa bado mtoto. Alisomea uuguzi. Desemba 1944 alipanda treni kuja kula Krismasi na baba yake, na akakuta vita imemtangulia. Daktari wa jeshi la Marekani, John Prior, alikuwa na majeruhi zaidi ya 100, hana mpasuaji, dawa zimekwisha. Chiwy akajitolea, pamoja na muuguzi mwingine wa mji huo, Renée Lemaire. Sheria za jeshi zilikataza muuguzi mweusi kumgusa mgonjwa mweupe. Prior akasema huyu ni mwanamke aliyejitolea mwenyewe, asiyetaka na aachwe afe. Alifunga vidonda, akashika miguu ikikatwa, akatoka na Prior kwenye theluji kuokota majeruhi chini ya risasi.

Usiku wa mkesha wa Krismasi bomu liliangukia kituo chao. Lemaire alikufa pamoja na majeruhi wapatao 30. Chiwy alikuwa jengo la jirani, mlipuko ukamrusha, akanyanyuka na kuendelea na kazi. Baada ya hapo dunia ilimsahau kwa zaidi ya miaka 60. Wengine waliandika kwamba alikufa pamoja na Lemaire. Ubelgiji na jeshi la Marekani walimtunuku mwaka 2011, akiwa na miaka 90, naye akafariki Brussels mwaka 2015. Kwangu Bastogne ni mji wake, na vifaru vilivyowekwa kwenye viwanja vyake nimevipita nikielekea kwenye mtaa wa Neufchâteau, kilipokuwa kituo kile.

Ijumaa, Wereth na Remagen

Mpwa wangu anaishi Köln, anaendesha trela, na amechukua likizo anipeleke hadi Berlin. Alifika kabla sijamaliza chai.

"Shikamoo mjomba. Twende, mvua inakuja."

Tulisimama Wereth, kijiji cha nyumba chache karibu na mpaka. Askari 11 weusi wa kikosi cha mizinga cha 333 cha Marekani walikimbilia hapa tarehe 17 Desemba 1944, familia ya wakulima ikawaingiza ndani na kuwapa chakula. Jirani akawasaliti. Wanajeshi wa SS, jeshi la chama cha Nazi, waliwatoa, wakawatesa na kuwaua shambani. Siku hiyohiyo SS waliwapiga risasi mateka 84 wa Kimarekani kule Malmedy, na dunia yote ilisikia habari ya Malmedy. Hawa 11 walisubiri hadi miaka ya tisini kupata msalaba, nao uliwekwa na watoto wa familia ileile. Mpwa wangu alisoma majina yote kwa sauti.

Remagen tulifika alasiri. Daraja la reli la Ludendorff halipo. Yamebaki minara ya pande zote mbili za Rhine, myeusi kwa moshi wa zamani. Tarehe 7 Machi 1945 Wamarekani walitokea juu ya kilima hiki wakashangaa kuona daraja limesimama. Wajerumani walibonyeza, umeme haukufika. Wakawasha baruti kwa mkono, daraja likanyanyuka, moshi ukatanda, kisha likakaa palepale. Baruti waliyokuwa wameletewa ilikuwa nusu ya waliyoomba, na hafifu. Kila aliyewahi kupokea mzigo pungufu kutoka ghala la serikali anaijua hadithi hii. Luteni wa Kimarekani aliyeongoza kuvuka, Karl Timmermann, alikuwa mzaliwa wa Frankfurt.

Hitler aliwapeleka maofisa wanne mbele ya risasi kwa kosa la daraja hilo. Daraja lenyewe liliporomoka tarehe 17 Machi na kuwaua mafundi wa Kimarekani 28 waliokuwa wakilitengeneza, lakini madaraja ya kuelea yalikuwa yameshatandazwa kando yake.

"Sisi tulikuwa wapi wakati huu?" mpwa akauliza.

Nikamwambia, Burma. Desemba 1944, Wamarekani wakiganda Bastogne, Keya wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki walikuwa wamelipita bonde la Kabaw kwenye mvua na malaria, wakauvuka mto Chindwin pale Kalewa kwa daraja la Bailey la zaidi ya mita 300. Hilo hakulisoma shuleni, wala mimi sikulisoma.

Jumamosi, Nordhausen

Njia ndefu. Mpwa anaangalia saa hata akiwa likizo. Anasema hapa ukizidisha saa tisa za kuendesha kwa siku, faini yake unauza shamba.

Mittelbau-Dora ni mahandaki ndani ya mlima Kohnstein. Baada ya Waingereza kulipiga kituo cha makombora cha Peenemünde mnamo Agosti 1943, utengenezaji wa V-2 ulihamishiwa humu, ukafanywa na wafungwa. Miezi ya kwanza walilala humohumo ndani, kwenye vumbi na kelele za baruti, bila maji ya kutosha, wengi hawakuona jua kwa wiki nyingi. Walipita wafungwa 60,000 hivi, wakafa takriban 20,000. Idadi hiyo inapita ya watu waliouawa na V-2 zenyewe zilipoanguka. Ndani kuna baridi hata nje kukiwa na jua, na sehemu ya chini imejaa maji. Unaona vipande vya makombora chini ya maji. Mwongozaji aliongea polepole na hakuna aliyepiga picha.

Wamarekani walifika tarehe 11 Aprili 1945. Eneo hili lilikuwa limegawiwa Wasovieti, kwa hiyo kabla ya kulikabidhi wakapakia vipuri vya makombora 100 hivi kwenye mabehewa 341, wakayapeleka bandarini, na meli 16 zikavipeleka Marekani. Bandari hiyo ilikuwa Antwerpen. Nilisoma mara mbili. Gati zilezile, miezi michache baada ya sinema ya Rex. Nani alisaini hati za shehena, na kwenye sehemu ya maelezo ya bidhaa aliandika nini? Wernher von Braun, aliyeyabuni, naye alikwenda Marekani, akatengeneza roketi iliyopeleka watu mwezini.

Hatukuongea sana hadi hotelini.

Jumapili, Torgau

Mto Elbe hapa ni mpana na mtulivu, ngome ya Hartenfels juu yake. Tarehe 25 Aprili 1945 Luteni William Robertson alipanda mnara wa ngome na shuka alilolipaka rangi liwe bendera ya Marekani, akawapungia Wasovieti waliokuwa ng'ambo. Kisha akatambaa juu ya vyuma vya daraja lililovunjika hadi akakutana katikati na Mrusi aliyetambaa kutoka upande wa pili. Ile picha maarufu ya askari wakinyoosheana mikono ilipangwa kesho yake. Saa chache kabla ya Robertson, Luteni Kotzebue alikuwa ameshavuka Strehla, juu kidogo ya mto, lakini kule ukingo ulikuwa umejaa maiti za raia, hapakufaa kwa picha.

Wale Wasovieti walitoka mbali. Tarehe 22 Juni 1944, Normandy bado haijatulia, walianzisha Operesheni Bagration huko Belarus, na katika wiki chache Ujerumani ilipoteza divisheni 28. Walikimbia haraka hivyo kwa sababu mbili: damu yao wenyewe, na malori ya Kimarekani. Marekani iliwapa zaidi ya malori 350,000, Studebaker kwa wingi, mengi yakishushwa kwenye bandari za Ghuba na kupandishwa Iran yote hadi kwao. Warusi wa leo hawapendi kulitaja hili, na Wamarekani nao hawapendi kutaja waliokuwa wakifa ndani ya hayo malori.

Kwenye makaburi ya mji kuna Mmarekani mmoja, Joseph Polowsky. Alikuwa kwenye doria ya Kotzebue. Baada ya vita akawa dereva wa teksi Chicago, na kila tarehe 25 Aprili alisimama kwenye daraja la Michigan Avenue akiwaomba wapita njia wasiisahau Elbe na wazuie silaha za nyuklia. Alifariki mwaka 1983, akazikwa hapa, ndani ya Ujerumani Mashariki ya wakati ule, kama alivyotaka. Mpwa wangu alivua kofia. "Dereva mwenzetu," alisema.

Jumanne, Karlshorst

Jana makumbusho yalifungwa, tukazunguka Treptow, wanakolala askari wa Kisovieti 7,000 kati ya takriban 80,000 waliokufa katika wiki mbili na ushei za kuishambulia Berlin.

Leo tumeingia kwenye ukumbi wenyewe, Ujerumani iliposaini kusalimu amri. Hauna makuu, ulikuwa bwalo la maofisa wa shule ya wahandisi wa jeshi. Ujerumani ilikuwa imeshasaini Reims, Ufaransa, tarehe 7 Mei, lakini Stalin alitaka hati isainiwe Berlin, mbele ya jemadari wake Zhukov. Keitel, mkuu wa kamandi ya jeshi la Ujerumani, alisaini hapa karibu na usiku wa manane wa tarehe 8, Moscow ikiwa tayari ni tarehe 9, ndiyo maana Warusi husherehekea tarehe 9. Bendera ya Ufaransa haikuwepo ukumbini, ikashonwa harakaharaka jioni ile, kwa ajili ya Jenerali de Lattre, mkuu wa jeshi lilelile lililotua na Waafrika kusini mwa Ufaransa.

Mpwa alitaka kujua nani aliulisha mji huu asubuhi yake. Nikafurahi, swali limehamia kwake. Alikuwa Jenerali Nikolai Berzarin wa Kisovieti, aliyeteuliwa mkuu wa mji tarehe 24 Aprili, mapigano yakiendelea. Alifungua majiko ya supu, akagawa kadi za chakula, akarudisha maji, umeme, tramu. Uwanja wa Bersarinplatz una jina lake hadi leo. Tarehe 16 Juni 1945, akiwa na miaka 41, alikuwa akiendesha pikipiki Friedrichsfelde, jirani tu na hapa, akaugonga msafara wa malori ya jeshi lake mwenyewe, akafa palepale.